Sungura wa Kwanza Nyumbani: Mtoto Asiachiwe Peke Yake



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unamzungumzia mnyama mdogo ambaye wengi wetu humchukulia kuwa jambo la watoto tu. Mnyama huyo ni sungura. Mtoto anapopokea Komunyo ya Kwanza, au anapofanya vizuri shuleni, mjomba au shangazi huweza kumletea sungura ndani ya kikapu. Mtoto anafurahi, na nyumba nzima inafurahi naye. Kwa kuwa nje kuna mbwa, nguchiro na wezi, sungura analazwa ndani. Baada ya wiki chache, mara nyingi habari huwa ni ileile: sungura amekufa, hakuna ajuaye sababu, na mtoto analaumiwa kwamba hakumtunza.

Sisi tunasema kwamba lawama hiyo haimstahili mtoto. Mtoto wa miaka minane anaweza kupenda, kukata majani na kufagia. Hawezi kujua kwamba jani fulani ni sumu, wala kwamba sungura aliyeacha kula tangu asubuhi yuko hatarini. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: sungura anayeingia ndani ya nyumba ni wajibu wa baba na mama kwanza, ndipo awe furaha ya mtoto. Familia isiyo tayari kumpa mahali pake, chakula chake na mtu mzima wa kumwangalia kila siku, heri isimpokee. Familia iliyo tayari isiogope.

Je, sungura ataleta ugonjwa nyumbani?

Swali hili ni la haki, hasa kwetu sisi wa Kagera. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa katika wilaya ya Bukoba. Tarehe 20 Januari 2025 ulitangazwa tena, safari hii katika wilaya yetu ya Biharamulo, na ulipotangazwa kuwa umekwisha tarehe 13 Machi 2025, wenzetu 10 walikuwa wamehesabiwa kuwa wamefariki kwa ugonjwa huo. Mzazi aliyepita katika miezi ile ana haki ya kuuliza juu ya kila mnyama anayevuka kizingiti cha mlango wake.

Jibu ni kwamba mnyama anayejulikana kuhifadhi virusi vya Marburg ni popo mla matunda anayeishi mapangoni na migodini. Kutoka kwa mtu mgonjwa kwenda kwa mwingine, ugonjwa hupita kwa damu na majimaji ya mwili. Sungura wa kufugwa hajulikani kuwa chanzo cha ugonjwa huo. Lakini lipo fundisho kwa watoto wetu: wanyama wa porini wasiletwe nyumbani. Hapa yafaa tueleze kosa moja linalotokana na lugha yenyewe.

Kwa Kiswahili tunaita "sungura" wanyama wawili tofauti. Yule mjanja wa hadithi, anayekimbia katika nyika zetu na katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, si wa aina moja na yule wa kizimbani. Sungura wa porini huzaliwa akiwa na manyoya na macho wazi, na huishi juu ya ardhi peke yake. Sungura wa kufugwa asili yake ni Hispania na Ureno. Huzaliwa uchi na kipofu ndani ya kiota, na hupenda kuishi na wenzake. Mtoto anayeokota kitoto cha sungura porini akidhani amepata cha kufuga, amekiondoa kwa mama yake, na kwa kawaida kitakufa kwa hofu na njaa. Tena Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata wanyama wa porini bila kibali. Sungura wa kwanza wa nyumbani na atoke kwa mfugaji anayefahamika, akiwa ameachishwa kunyonya, na asipungue wiki 6 hadi 8.

Magonjwa ambayo sungura wa kufugwa anaweza kuwapa watu yapo, nayo ni ya kawaida. La kwanza ni choa, na likiwa kichwani huitwa mapunye. La pili ni upele unaosababishwa na wadudu wadogo wa ngozi. La tatu ni viroboto. Tena vumbi la sakafu ya udongo isiyofagiliwa huwa maskani ya funza, ambao huingia kwa watu na kwa wanyama vilevile. Mengi ya mambo haya huzuiwa kwa usafi. Mtoto anawe mikono kwa sabuni kila amalizapo kumshika sungura, na kabla ya kula. Sungura asilale kitandani na mtoto. Mtoto akikwaruzwa au kuumwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni, na mzazi ahakikishe chanjo ya pepopunda ya mtoto imekamilika. Aliye na pumu, au mgonjwa ambaye kinga ya mwili wake imeshuka, asipewe kazi ya kusafisha kizimba. Kazi hiyo afanye mwingine.

Mahali pake ndani ya nyumba

Katika nyumba nyingi sungura huachwa jikoni, azunguke chini ya mafiga na kula maganda yanayoanguka. Wapo wazee wanaosema kwamba ndivyo walivyofuga tangu zamani. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Mapafu ya sungura ni dhaifu mno mbele ya moshi wa kuni na harufu kali ya mkojo. Akianza kupiga chafya, na pua yake ikatoa majimaji meupe, mara nyingi hewa anayovuta ni chafu. Na tukumbuke kwamba mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni mwa mama yake jikoni anavuta hewa hiyohiyo. Jiko ambalo halimfai sungura halimfai mtoto pia. Baba anayetoboa dirisha la jiko kwa ajili ya mmoja, atakuwa amewasaidia wote wawili.

Sungura wa ndani apewe kizimba chake, kwenye kona ya chumba chenye hewa, pasipopigwa na jua la mchana wala mvua inayopenya. Fundi wa kijijini anaweza kukitengeneza kwa mbao au mianzi. Kwa sungura mmoja wa kawaida, urefu usipungue sentimita 120 na upana sentimita 60, na kimo kimwezeshe kusimama kwa miguu ya nyuma bila kugusa juu. Chini kama ni wavu mtupu, nyayo zake zitachubuka na kuoza. Wekeni ubao na nyasi kavu za kulalia. Kila siku atolewe kwa saa kadhaa akimbie chumbani au uani, mtu mzima akiwepo. Sungura aliyefungwa mwaka mzima mifupa yake hudhoofika, na tabia yake huharibika akawa wa kuuma.

Kizimba kiinuliwe juu ya miguu minne. Sababu kubwa kwetu ni siafu. Msimu wa mvua siafu huingia nyumbani usiku, na mnyama aliyefungwa hana pa kukimbilia. Miguu ya kizimba ikisimama ndani ya makopo yenye maji na mafuta kidogo ya gari yaliyokwisha kutumika, siafu hawapandi. Makopo hayo yawe mahali ambapo watoto wadogo hawayafikii.

Sungura ana tabia ya usafi ambayo wengi hawaijui. Huchagua kona moja ya kukojoa na kunya. Tazameni amechagua ipi, kisha wekeni hapo beseni kuukuu lenye nyasi kavu, na muwe mkilimwaga kila siku. Kinyesi chake ni mbolea nzuri kwa migomba na bustani ya mboga. Msishangae mkimwona alfajiri akila kinyesi laini moja kwa moja kutoka mwilini mwake. Si ugonjwa wala njaa. Ndivyo Muumba alivyompangia kupata virutubisho ambavyo tumbo halikuvipata mara ya kwanza. Asizuiwe.

Jambo jingine la nyumba za sasa ni waya. Meno ya sungura hayaachi kukua. Yale ya mbele huongezeka takribani milimita 2 kila wiki. Ndiyo maana hutafuna kila kitu. Waya za umeme wa jua na za chaja ya simu ziinuliwe juu, na yeye apewe vijiti vya mpera, asiguse vya watu.

Nao joto ni adui wake. Sungura hatoi jasho. Hupoza mwili kwa masikio. Kwetu vilimani, Rulenge au Ngara mjini, usiku ni wa baridi na anastarehe. Lakini mchana chini ya bati lisilo na dari, joto likizidi nyuzi 30, anaweza kufa kwa saa chache. Mkimkuta amelala kifudifudi akihema mbiombio, mhamisheni kivulini na mlowesheni masikio kwa maji ya kawaida. Msimtumbukize ndani ya ndoo.

Chakula: nyasi kwanza

Wengi hudhani sungura anaishi kwa karoti na ugali. Huo ni mwanzo wa maradhi. Chakula chake kikuu ni nyasi, na nyasi kavu ziwepo mbele yake usiku na mchana. Nyasi humsaga meno na huliendesha tumbo lake. Kuanzia Juni hadi Agosti, mvua zinapokatika, familia inaweza kukata nyasi laini, kuzianika kivulini na kuzifunga matita ya kutosha miezi ya mvua.

Juu ya nyasi, apewe majani mabichi kiasi: matembele, majani ya mahindi, majani ya mgomba, kishonanguo. Yafaa yanyauke kidogo kwanza, na yasiwe yameloa umande. Majani mapya yaingizwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kwa maana tumbo la sungura halipendi mabadiliko ya ghafla. Ndizi mbivu, karoti na maganda ya matunda ni kama pipi kwa mtoto: kipande kidogo, si sahani.

Yapo majani ya kumkataza kabisa: ya parachichi, ya nyanya, ya viazi mviringo, ya muhogo mabichi na ya mbarika. Maharage mabichi pia hayafai. Nyasi zilizokatwa kando ya shamba la pamba, tumbaku au kahawa lililopuliziwa dawa zinaweza kumuua. Hapa ndipo tunapomhitaji mtu mzima. Mtoto anayetumwa majani akiwa na haraka ya kwenda shule hukata la karibu, na la karibu huweza kuwa la parachichi.

Maji masafi yawepo siku zote, katika bakuli zito lisilopinduka. Sungura wa kilo 2 huweza kunywa hata robo lita kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Dhana kwamba sungura hanywi maji kwa kuwa anakula majani imeua wengi.

Akiugua, tusimpe vidonge vyetu

Sungura ni mnyama anayewindwa, kwa hiyo huficha maumivu. Halii kama mbuzi. Dalili ni kimya chake: amekaa kona, hali, vinyesi vimekuwa vidogo au vimekoma, tumbo limejaa, sikio lina magamba, kichwa kimepinda. Asiyekula wala kunya kwa nusu siku au siku moja ni mgonjwa mahututi. Msingoje Jumatatu; mtafuteni afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo.

Hapa tunalo onyo ambalo tungependa lisomwe kwa sauti katika kila jumuiya ndogondogo. Nyumba nyingi zina mabaki ya vidonge vya rangi mbili vilivyobaki baada ya mtu kupona. Sungura akiharisha, mwenye huruma hufungua kidonge cha amoksilini au ampisilini na kukichanganya na maji yake. Dawa hizo zikipita kinywani mwa sungura huua vijidudu vyema vya tumboni mwake na kuwaachia nafasi vile vibaya, na mnyama huweza kufa kwa siku chache kwa kuhara zaidi. Anayempa anadhani anaponya, kumbe anaua. Na kama vidonge vilibaki, maana yake kuna mtu hakumaliza dozi yake. Hilo nalo ni kosa dhidi ya afya ya nyumba nzima. Vilevile dawa ya josho la ng'ombe na dawa za kupulizia mimea zisipakwe kwa sungura mwenye upele. Afisa mifugo anayo sindano inayofaa, naye anajua kipimo chake.

Vitoto vya sungura vinavyoharisha mara nyingi vimepatwa na vijidudu vya kinyesi vinavyostawi penye unyevu. Ugonjwa huo wa matumbo ya sungura hauambukizi watu, lakini huweza kumaliza kiota kizima. Kinga yake ni sakafu kavu na bakuli lisilochafuliwa.

Kushika nako ni elimu. Sungura asiinuliwe kwa masikio, hata kama ndivyo tulivyoona sokoni. Mkono mmoja uwe chini ya kifua, wa pili ubebe makalio. Akining'inia na kupiga teke, uti wa mgongo wake huweza kuvunjika, na hapo hakuna dawa. Kwa watoto wadogo kanuni ni rahisi zaidi: keti chini, naye aje mwenyewe.

Mmoja au wawili?

Sungura hupenda mwenzake. Majike wawili wa kiota kimoja hukaa vizuri. Madume wawili wakikomaa hupigana mpaka damu. Dume na jike ni habari nyingine: mimba huchukua siku 31 hivi, kiota huweza kuwa na vitoto 4 hadi 10, na jike huweza kushika mimba tena siku ileile aliyozaa. Familia isiyopanga itajikuta na sungura ishirini sebuleni kabla ya mwaka kwisha. Tangu umri wa miezi mitatu madume watenganishwe na majike. Anayetaka ufugaji wa biashara na ajenge banda nje na kupata mafunzo; hilo si jambo la kona ya sebule.

Ni wa kitoweo au wa kulelewa?

Tumefika kwenye jambo gumu kuliko yote. Kwetu nyama ya sungura ni chakula chema, na hakuna dhambi kumchinja. Lakini hutokea hivi: mtoto amepewa sungura akaambiwa "ni wako". Amempa jina, amemkatia majani miezi sita. Mgeni anafika, mboga hakuna, na mtoto akirudi kutoka shule anakuta sahani mezani. Akiuliza, anaambiwa sungura ametoroka. Kesho yake anaona ngozi imeanikwa nyuma ya nyumba.

Wengine watasema mtoto lazima azoee maisha. Sisi twaona kwamba alichojifunza siku ile ni kwamba neno la baba halina uzito, na kwamba mali ya mdogo huchukuliwa na mkubwa bila kuulizwa. Jeraha hilo halionekani zahanati, lakini ni jeraha. Ukurasa wa afya hauwezi kulinyamazia.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2416 hadi 2418, hutusaidia kuwa na kipimo. Hufundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu na tunawiwa kuwatendea wema. Kwamba ni halali kuwatumia kwa chakula na mavazi. Kwamba kuwatesa bure ni kinyume cha heshima ya binadamu mwenyewe. Na kwamba haifai kutumia kwao fedha ambazo zilipaswa kwanza kuondoa taabu ya watu. Maneno hayo yanatosha kwa pande zote mbili. Hakuna anayetuomba tumnunulie sungura dawa wakati mtoto hana daftari. Wala hakuna anayeturuhusu kumdanganya mtoto.

Basi, shauri letu ni kuamua kabla ya kumpokea. Kama ni wa kitoweo, mtoto aambiwe wazi tangu siku ya kwanza, naye asaidie kumtunza akijua hivyo, kama anavyojua juu ya kuku. Kama ni wake wa kulelewa, basi ni wake kweli, na familia ikumbuke kwamba sungura anayetunzwa vizuri huweza kuishi miaka 8 na zaidi. Mtoto wa Komunyo ya Kwanza atakuwa amefika sekondari. Je, mko tayari?

Ratiba ndogo ya nyumbani

Asubuhi: mtoto abadilishe maji, aweke nyasi, amwage beseni, anawe mikono. Mzazi atazame tu mambo mawili, yaani sungura amekula, na vinyesi ni vya duara na vikavu.

Jioni: atolewe akimbie, apewe majani yaliyonyauka, akaguliwe masikio na nyayo.

Jumamosi: kizimba kioshwe, kianikwe juani, nyasi za kulalia zibadilishwe zote. Kila mwezi kucha zitazamwe na mtu mzima.

Dakika tano za mzazi kwa siku zinatosha. Dakika hizo tano ndizo zinazokosekana, na kwa kukosekana kwake mnyama anakufa na mtoto analaumiwa. Kitabu cha Mithali, sura ya 12, aya ya 10, hutukumbusha kwamba mwenye haki hutambulika hata kwa namna anavyouangalia uhai wa mnyama wake. Walezi wa Utoto Mtakatifu parokiani wanaweza kulifanya somo hili mwezi Oktoba, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi tarehe 4, wakiwaalika na wazazi. Tunasema wazazi kwa makusudi, kwa kuwa watoto tayari wanapenda. Sisi wakubwa ndio tunaotakiwa kujifunza.